Pazia Ndani ya Pikapu

Kitale,
Jumapili, 5 Oktoba 2003

Kwa Mama mkwe mheshimiwa,

Salamu zetu zikufikie hapo Matulo ukiwa na afya, wewe na shemeji yangu Viola na wote wa boma. Sisi hatujambo. Mahindi yamekauka shambani lakini mvua imekataa kuondoka, kwa hivyo kila asubuhi nasimama mlangoni kuangalia mawingu na kununa. Nyaruai wetu ametimiza miaka mitatu na anauliza kila kitu. Juzi aliuliza mbona nyanya wa hapa anamwona kila siku na yule wa Matulo hamwoni. Duka la mbegu na dawa za mifugo linaendelea polepole.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Lorraine amekuandikia mara tatu kuhusu macho yako, na mara tatu umemjibu kuhusu maharagwe. Jana aliitupa kalamu akaniambia, "Andika wewe basi, si wewe ndiye mjuaji!" Ndiyo nimeketi.

Simu tuliyokutumia mwezi wa nane nimeipiga mara kumi na moja. Viola anasema akikwambia ni mimi, unaifunika na kitambaa mpaka inyamaze. Sijakasirika. Mimi ni Mkikuyu na mila zenu nilizikuta nikiwa mtu mzima, lakini nimezishika. Kwa miaka minne sijakupa mkono wala kuketi chumba kimoja nawe, na tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye nyasi. Hata harusi yetu uliitazama kutoka nyuma ya wapishi. Barua haina mkono wala uso, kwa hivyo nadhani hapa hatuvunji kitu.

Mama, una mtoto wa jicho. Lorraine aliona lile wingu jeupe alipokuja Agosti, jicho la kulia zaidi. Madaktari wa macho wanafika hospitali ya hapa mara chache kwa mwaka, na watakuja tena Februari. Wanakuosha jicho kwa upasuaji mdogo, unalala, kesho yake unafunguliwa unaona. Ukingoja, daktari alimwambia Lorraine, utabaki kutofautisha mchana na usiku tu. Tafadhali kubali uje.

Ni mimi mkwe wako,
Zachary Muchiri


Matulo,
26 Oktoba 2003

Kwa mkwe wetu Zachary,

Barua yako ilifika na nimefurahi kwamba mko wazima. Mwambie Nyaruai nyanya wa Matulo yupo na anamwombea.

Maharagwe yametoka vizuri sana mwaka huu. Najua hukutaka kusikia, lakini ndiyo habari iliyopo. Kanisa tumelipaka rangi. Shemeji yangu Wepukhulu, ndugu wa marehemu mume wangu, ameng'olewa jino la mbele na sasa akihubiri anapiga mluzi, watoto wanapenda ibada kuliko zamani. Viola yupo, ananisaidia kushona na kunichokoza.

Kazi ni nyingi, mkwe. Tangu serikali iseme shule za msingi ni bure, watoto wamefurika. Shule yetu hapa ilikuwa na mia tatu, sasa wanakaribia mia nane, na kila mmoja ana matako ya kuvalishwa. Kuna mzee mmoja ameleta wajukuu sita kwa siku moja, wote wanataka sare, mkubwa ana ndevu. Cherehani yangu haijapumzika tangu Januari. Nimeshona kaptura mia mbili kwa muhula mmoja. Hebu niambie, mtu asiyeona anashona kaptura mia mbili?

Simu yenu ni nzuri. Naiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki. Lakini wewe ni mtu mwenye akili. Ikiwa hatuwezi kuketi benchi moja, nitakuwekaje ndani ya sikio?

Macho yangu ni ya umri wangu, wala hayamsumbui mtu. Na hata nikija huko, nitalala wapi? Mama halali katika nyumba ya mkwe. Hilo usilijibu.

Msalimie Lorraine, mwambie apunguze hasira. Alizitoa kwa baba yake.

Mama Lorraine,
Nekesa


Kitale,
23 Novemba 2003

Kwa Mama mkwe mheshimiwa,

Tunashukuru kwa barua yako. Hatimaye mvua imeondoka na tumevuna. Mikono yangu imechubuka na Lorraine anasema ni ya mwenye duka, si ya mkulima. Sote wazima.

Lile uliloniambia nisilijibu sijalijibu. Mama yangu ndiye amelijibu. Amesema nyumba yake iko upande wa pili wa ua, ni yake, aliijenga yeye, na mimi humo ni mgeni kama wageni wengine. Ameshatandika kitanda na ameuliza kama unakunywa chai na tangawizi.

Kuhusu zile kaptura mia mbili, hongera. Lakini tumepata habari, sitasema kutoka kwa nani, jina lake linaanza na V, kwamba thelathini zilirudishwa na mwalimu mkuu kwa sababu mifuko ilikuwa imeshonwa ikafungwa juu. Tumeambiwa pia kwamba siku hizi unatungiwa uzi. Halafu barua yako, Mama, mstari wa tano ulipanda juu ya wa nne. Kwa dakika nzima nilidhani Wepukhulu ameng'olewa pamoja na maharagwe.

Sasa nikupe habari ambayo Lorraine alitaka akwambie mwenyewe, ila amenuna kwa vile hujibu maswali yake. Ana mimba. Mwisho wa Februari. Mtoto wa kwanza tulimpa jina la mama yangu, ndivyo tunavyofanya kwetu. Wa pili akiwa msichana, jina ni lako. Hatukai chini kuchagua, ni lako tu. Kutakuwa na Nekesa mwingine, na mimi nataka umwone uso wake, si umpapase kama mtu anayetafuta kiberiti.

Usafiri usikusumbue. Nitakuja na pikapu. Utakaa nyuma kwenye godoro, na mwavuli wako, kama ulivyokuja tulipomzika baba yangu. Mimi mbele, wewe nyuma, kioo katikati. Hakuna atakayelalamika, wala wazee wenu wala wetu.

Nangoja neno lako.

Zachary


Matulo,
11 Januari 2004

Kwa mkwe wetu Zachary,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Ninasema na Viola anaandika, kwa sababu mikono yangu ina kazi. Wiki saba nimekaa kimya na najua mmesononeka. Shule zilikuwa zinafunguliwa na kila mzazi alikumbuka sare siku ya mwisho, ndiyo sababu.

Kusikia habari ya Lorraine nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni nani anaolewa. Na jina nimelipokea. Ahsanteni.

Nitakuja. Siji kwa sababu ya macho, naja kumsaidia binti yangu. Madaktari wakiwa hapo basi wataniangalia, sitawafukuza. Lakini nitakaa nyuma ya pikapu, na godoro liwe la sponji nzito. Na kanisani msimwambie mtu, maana wataniombea kwa sauti kubwa na sitaki.

Mshukuru mama yako kwa kitanda. Mwambie nakunywa na tangawizi.

Nekesa

(Shemeji, niaje. Mama anafikiri bado naandika habari ya tangawizi. Hizo wiki saba si sare tu. Mwezi jana alisimama hapo mlangoni akasalimia gunia la makaa, akaliuliza watoto hawajambo. Tulicheka sisi wawili mpaka machozi, halafu akaingia ndani akakaa kitandani na hakutoka mpaka saa ya chai. Hashoni tena, mimi ndiye nashona. Njoo umchukue bana, usimpe nafasi ya kugeuza nia. Viola.)


Kitale,
Jumatatu, 26 Januari 2004

Kwa Mama mkwe mheshimiwa,

Salamu ni zile zile na nitazifupisha, maana Gicheru anayeuza miche Webuye anangoja hii barua mlangoni, na posta ingechelewa.

Nadhani umesikia redioni. Kuanzia tarehe moja mwezi ujao ni mikanda ya usalama kwa kila abiria wa gari, na askari wamesema hawataki kumwona mtu yeyote akibebwa nyuma ya pikapu. Nilimwendea askari mmoja, mteja wangu wa dawa ya kupe, ni mtu wa huko kwenu. Nikamwuliza, je, nikimfunga mama vizuri na kamba kwenye godoro, si huo ni mkanda? Aliniangalia sana. Akasema, "Huyo ni mama ama ni ng'ombe? Mbere iko viti viwiri, mikanda miwiri, watu wawiri. Kwisha."

Nikaenda kwa fundi Wanyoike atuwekee mkanda wa tatu katikati ili Lorraine akae kati yetu. Alipima akasema anaweza. Kisha akamwona Lorraine akija na tumbo lake, akakunja kamba yake ya kupimia. Magari ya abiria nayo nusu hayajawekwa mikanda na wenyewe wanasema watayafungia nyumbani wiki hiyo. Madaktari watakuwepo tarehe nne mpaka sita. Wakiondoka hakuna ajuaye watarudi lini.

Kwa hivyo sheria imetuweka kiti kimoja, Mama, wewe na mimi, kutoka Matulo mpaka Kitale. Nikisema tuache mila nitakuwa nimekukosea. Nikisema tuache hospitali nitakuwa nimekukosea zaidi, na mtoto pia. Nimeshindwa. Amua wewe na mimi nitatii. Mpe Gicheru jibu, anarudi Alhamisi.

Zachary


Matulo,
29 Januari 2004

Mkwe,

Njoo Jumanne asubuhi. Nimeshona pazia. Viola alipima ndani ya pikapu ya mwalimu mkuu, nikakata kitambaa cha kaptura kilichobaki, nikashona mwenyewe kwa kupapasa. Litaning'inia katikati. Serikali itapata mkanda wake na sisi tutapata pazia letu.

Usiongee nami njiani.

Nekesa


Kitale,
7 Machi 2004

Kwa Mama mkwe mheshimiwa,

Tunashukuru Mungu umefika nyumbani salama. Mtoto ananenepa. Analala mchana na mdomo wazi, na mama yangu anasema Wanekesa wote labda ndivyo walivyo. Lorraine ana nguvu tena, amenigombeza mara mbili leo. Nyaruai amegundua kwamba mtoto mchanga hajui maswali, anasikitika.

Watu wanaokuja kumwona mtoto wananiuliza habari ya safari yetu, nami nimeisimulia mpaka sasa naisimulia vizuri. Nawaambia hivi. Nilifika Matulo, Viola akatundika pazia la bluu kwa misumari miwili, Mama akapanda upande wake akafunga mkanda, nikapanda upande wangu nikafunga wangu. Nilikuwa nimevaa koti na tai, sijui kwa nini, maana hakuna aliyekuwa ananiona. Tuliondoka kimya kama watu waliogombana. Kufika Lugulu simu yangu ikalia. Nikaegesha kando. Alikuwa Lorraine, kutoka Kitale: "Mama amenipigia. Anasema upunguze mwendo." Nikatazama pazia. Ule mnong'ono niliousikia nilidhani ni sala. Kumbe Viola alikufundisha kubonyeza kitufe cha kijani mara mbili! Kabla ya Misikhu ikalia tena, nikaegesha tena: "Mama anasema sasa unaenda polepole sana, mtafika kesho." Hii simu uliyoikataa miezi mitano ilikula chaji yote kwa safari moja, na tulikuwa umbali wa kiwiko.

Halafu kile kizuizi cha polisi. Askari yule kijana alichungulia upande wangu, akazunguka akachungulia upande wako, akarudi. "Hii ni nini, bana? Matanga ama harusi?" Nikamweleza. Alikuwa wa huko huko, alielewa neno kwa neno, na alikusalimia kwa heshima huku akiangalia magurudumu. Lakini alisema, "Pole sana, mzee. Kioo cha kushoto huoni. Ukigonga mtu, nitamwambia mkubwa wangu ati ni mila?" Akalitoa yeye mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka miguuni pako. Kutoka hapo ulifunika kichwa na leso mpaka Kitale, nami niliangalia barabara mpaka shingo ikakauka.

Hapo watu hucheka na mimi husimamisha hadithi.

Sehemu iliyobaki sijamsimulia mtu. Asubuhi ya tarehe tano, Lorraine alikuwa amevimba miguu na mama yangu alibaki naye, kwa hivyo aliyekuja wodini walipofungua jicho ni mimi. Muuguzi aliniambia nisimame mbele yako. Kila Lorraine akikuuliza uliona nini kwanza, unamwambia, "Niliona ukuta." Mimi nilikuwa hapo, na nilisikia ukisema neno moja. Baada ya hapo, wiki zote ulizokaa kwa mama yangu, ulinikwepa uani kama zamani, nami nikaingia kwenye migomba kama zamani. Sijui kama lile neno ulilikusudia au ilikuwa ni dawa za hospitali. Kama ilikuwa dawa, usijibu. Nitaelewa.

Zachary


Matulo,
21 Machi 2004

Kwa Zachary,

Wote hapa wazima. Mvua imeanza na tumepanda. Mwandiko huu ni wangu, angalia mistari ilivyonyooka. Viola amerudi kwenye uvivu wake kwa vile natunga uzi mwenyewe, na nimezifungua zile kaptura thelathini mifuko, zimevaliwa. Jana nilimwona jirani yetu Mama Wangui akipita barabarani nikamwita kwa jina kabla hajakaribia, naye akashtuka. Nimegundua pia nyumba yangu ilikuwa chafu sana na hakuna mtu aliyeniambia. Jicho la kushoto litangoja hao madaktari warudi, sina haraka tena.

Safari umeisimulia vizuri, lakini upande wako tu. Wangu ni huu. Sikuogopa askari, wala sikuogopa kisu. Niliogopa kwamba watafungua na nisione kitu, na atakayejua wa kwanza utakuwa wewe, na hutaweza hata kunishika mkono. Ndiyo sababu nilimpigia Lorraine kila mara. Mwendo wako ulikuwa sawa. Nilitaka tu kusikia sauti ya mtu wangu, na sikujua kwamba mtu wangu yuko hapo kando, ameegesha gari mara mbili bila kulalamika.

Sasa kuhusu wodini. Ilikuwa asubuhi, muuguzi akabandua plasta taratibu. Kwanza ilikuwa weupe tu na machozi. Kisha nikaona koti. Mtu amesimama karibu na ukuta amenipa mgongo. Koti la kijivu, na mshono wa bega la kulia umefunguka kama vidole vinne, uzi unaning'inia. Nikahesabu tundu za sindano, Zachary. Nilizihesabu, zilikuwa kumi na tatu. Nikajua naona.

Halafu nikajua ni nani. Muuguzi alikuwa amekuambia usimame unitazame, na wewe ulikuwa umegeukia ukuta. Saa ambayo mtoto niliyemzaa angenikodolea macho, wewe uliangalia rangi ya ukuta kwa sababu uliambiwa kwamba ndivyo mama wa watu anavyoheshimiwa. Ndipo nikasema, "Geuka."

Haikuwa dawa.

Ukageuka. Masikio yako ni makubwa kuliko yalivyo kwenye picha ya harusi, na ulikuwa unalia na pua imejaa. Nikakuangalia mpaka nikatosheka. Uani nilikukwepa kwa sababu niliona haya, basi. Mila haikunituma. Mtu akikaa miaka minne hajamtazama mwenzake, hajui aanzie wapi.

Nimemwendea Wepukhulu kumwuliza kama kuna la kufanywa ili tusikwepane tena. Alicheka na mluzi wake wote. Akasema, "Si serikari ilishawafungua na hiyo mkanda yao? Sasa mimi nifunge nini?" Akasema desturi inataka mkwe amfunike mama blanketi, kisha mambo yanalegea. Nikamwambia blanketi nilishafunikwa kule wodini, ulinifunika ukidhani nimelala. Akasema basi imekwisha.

Kwa hivyo mje wote Pasaka, na Nekesa mdogo aje. Na lile koti lije, siwezi kulala nikikumbuka mshono ule. Lorraine akikwambia atanipa yeye, mkatalie. Ulilete wewe mwenyewe, upite mlangoni, uingie mpaka ndani, na ukae mahali ambapo ninakuona.

Mama yako,
Nekesa